Chokoleti Huogopa Tone, Haiogopi Kikombe

Chukua gramu 200 za chokoleti nyeusi iliyokwisha kuyeyuka, laini, inayong'aa, inayotiririka kutoka kwenye mwiko bila kukatika. Itie kijiko kimoja cha chai cha maji, ukoroge. Baada ya sekunde chache mng'ao unapotea. Mwiko unakuwa mzito mkononi, ule ulaini unajikusanya na kuwa donge la chengachenga lililopauka, na hata ukiongeza moto halilegei. Wapishi wengi hulitupa hapo hapo. Lakini ukilitia nusu kikombe cha maji ya moto badala ya kulitupa, ukakoroga bila haraka, donge linalegea, linalainika, linang'aa tena.

Kijiko kimoja cha maji kimeharibu, nusu kikombe cha maji yale yale kimetengeneza. Fondyu ya chokoleti, lile bakuli la chokoleti ya moto linalowekwa katikati ya meza watu wakachovya matunda na vipande vya keki, imesimama juu ya jambo hilo. Anayelielewa hahitaji sana kufuata maelekezo ya mtu mwingine.

Kipande cha chokoleti huonekana kuwa kitu kimoja, kumbe ni chembe kavu zilizozama ndani ya mafuta. Chembe hizo ni za sukari na za kakao, na katika chokoleti ya maziwa huongezeka unga wa maziwa. Mafuta yenyewe ni siagi ya kakao. Maji karibu hayamo kabisa. Hayafiki hata asilimia moja ya uzito. Katika chokoleti nzuri chembe husagwa hadi kufikia maikroni 20 hivi, yaani milimita moja ukiigawa mara 50, kwa hiyo ulimi hauzihisi. Zikizidi maikroni 30, mtu huanza kusikia mchangamchanga mdomoni. Ulaini huu ni jambo la juzijuzi. Mwaka 1879 Rodolphe Lindt, wa mjini Bern, Uswisi, alibuni mashine iliyoisugua na kuikoroga chokoleti kwa saa nyingi mfululizo, hadi kila chembe ikavikwa mafuta. Kabla ya hapo chokoleti ya kula ilikuwa ngumu na yenye kukwaruza.

Sasa rudi kwenye kijiko cha maji. Sukari hupenda maji kuliko inavyopenda mafuta. Tone likiingia, linakimbilia chembe za sukari na kulowesha nyuso zake tu, kwa kuwa halitoshi kuziyeyusha. Nyuso zilizolowa zinanata, chembe moja inaishika nyingine, kama sukari ya kwenye kopo iliyopata unyevu wakati wa masika. Mafuta yanasukumwa pembeni na donge linazaliwa. Kuongeza moto hakusaidii kwa sababu tatizo si ubaridi.

Maji yakiwa mengi, mambo yanageuka. Sukari inayeyuka yote na kuwa shira, na shira hiyo ndiyo inayobeba kila kitu. Awali mafuta yalikuwa bahari na chembe zikielea humo. Sasa bahari ni shira, na mafuta yamevunjwa kuwa vitone vidogo mno vinavyoelea ndani yake. Kinachozuia vitone hivyo visiungane ni protini za maziwa, unga wa kakao wenyewe, na lesithini, kitu kinachotolewa zaidi kwenye soya ambacho viwanda huongeza kidogo sana kwenye chokoleti. Molekuli ya lesithini ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta, kwa hiyo hukaa mpakani na kuvishika vyote viwili.

Kiasi cha kukumbuka ni hiki: kwa kila gramu 60 za chokoleti, usitie chini ya kijiko kimoja cha chakula cha kitu chenye maji. Chokoleti yenye kakao asilimia 70 inahitaji zaidi, maana ina chembe nyingi za kakao zinazofyonza maji. Maziwa, kahawa, maji ya machungwa, krimu, tui, vyote vinahesabiwa kuwa maji hapa. Hata krimu nzito yenye mafuta asilimia 35 bado ina maji karibu asilimia 60.

Fondyu ya asili ni ya jibini, chakula cha Waswisi. Ya chokoleti ilipata jina Marekani, katika miaka ya 1960, kwenye mkahawa wa Chalet Suisse mjini New York uliokuwa wa Mswisi Konrad Egli. Jikoni, hata hivyo, hizi mbili hazifanani sana, na chombo cha moja huweza kuiunguza nyingine, kama tutakavyoona.

Kwa watu wanne au watano, gramu 200 za chokoleti nyeusi na mililita 150 za krimu zinatosha. Ikate chokoleti vipande vidogo kwa kisu, uiweke kwenye bakuli. Pasha krimu mpaka viputo vidogo vianze kutokea ukingoni mwa sufuria, kisha ipua kabla haijachemka. Imimine juu ya chokoleti, uache dakika mbili bila kugusa, joto liingie. Halafu anza kukoroga katikati tu, kwa miduara midogo. Mwanzoni utaona michirizi ya kahawia ndani ya weupe, na vipande vinavyoelea. Mtu asiyezoea hudhani ameharibu. Endelea pale pale katikati. Ghafla kinatokea kiduara cheusi, kizito, kinachong'aa. Hapo mafuta yameshavunjika kuwa vitone na shira imevizunguka. Panua miduara taratibu, na kile kiduara kitameza weupe wote hadi ukingoni mwa bakuli. Napenda sana hatua hii kuliko hata kula, kwa sababu ni mara chache kazi ya molekuli huonekana wazi hivi kwa macho.

Moto mkali hauna nafasi hapa. Siagi ya kakao huyeyuka ikifika karibu nyuzi joto 34 za sentigredi, chini kidogo ya joto la mwili, ndiyo maana chokoleti huyeyuka ulimini. Ukiiyeyusha peke yake bila kimiminika, nyeusi isipite nyuzi 50 hivi. Ya maziwa na nyeupe zinaharibika mapema zaidi kwa sababu ya protini na sukari ya maziwa. Weka bakuli juu ya sufuria yenye maji yanayofuka mvuke, kitako cha bakuli kisiguse maji. Na katika njia hiyo mvuke ni hatari kuliko moto: tone moja likidondoka kutoka ukingoni, unarudi kwenye lile donge.

Krimu ni ghali, na katika miji mingi ya kwetu hupatikana supamaketi kubwa tu. Tui la kwanza la nazi, kasimile, linaifanya kazi hiyo vizuri. Nalo ni vitone vya mafuta ndani ya maji, vikishikiliwa na protini za nazi yenyewe. Protini hizo si imara, na kila aliyepika Pwani anajua kwamba tui likiachwa lichemke bila kukorogwa hukatika. Basi lipashe kwa moto mdogo huku unalikoroga, uliipue likiwa linafuka. Faida yake haiko kwenye bei na harufu peke yake. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi, na yakichanganyika na siagi ya kakao, kila moja huvuruga mpangilio wa mwenzake wakati wa kuganda. Mchanganyiko unabaki laini hata ukipoa kidogo. Fondyu ya tui hukaa mezani muda mrefu zaidi kabla ya kushupaa.

Fondyu nayo hukatika. Utaona mafuta yanang'aa juu kama ya mchuzi, na chini yake uji wenye chenga. Mara nyingi chanzo ni joto kupita kiasi au maji kupungua kwa mvuke, hadi shira haitoshi tena kuvizunguka vitone vyote. Usiongeze chokoleti wala siagi. Utakuwa unaongeza mafuta kwenye mafuta yaliyoshindwa kushikwa. Ondoa bakuli kwenye joto, tia kijiko kimoja cha maziwa au maji ya uvuguvugu, koroga kwa nguvu, kisha kingine ikihitajika. Hurudi.

Neno moja kuhusu chokoleti ya dukani. Siagi ya kakao inaweza kuganda kwa mipangilio sita tofauti ya fuwele, na kiwanda hulenga wa tano, ule unaong'aa na kukatika kwa mlio. Duka likipata joto la Dar es Salaam au Mombasa mchana, chokoleti hulegea, usiku ikaganda ovyo, na baadhi ya mafuta yakapanda juu na kufanya utando mweupe. Watu huidhania ukungu. Ikiwa haijapita muda wake na harufu ni nzuri, hiyo inafaa kabisa kwa fondyu, kwa kuwa ukiiyeyusha mipangilio yote ya fuwele inafutika. Cha kuogopa ni maandishi madogo nyuma ya pakiti. Yakitaja mafuta ya mimea mahali pa siagi ya kakao, itayeyuka, lakini itaacha utando kama wa nta mdomoni. Na kakao nzuri inalimwa huku huku kwetu, Kyela, Bundibugyo na Beni. Inaniuma kwamba sehemu kubwa yake huondoka ikiwa mbegu zilizokaushwa, huku mitaani kwetu tukinunua vipande ambavyo kakao yake ni ya kuonja tu.

Mezani, tumia mshumaa mdogo chini ya bakuli. Jiko la spiriti linalokuja na chombo cha fondyu ya jibini ni kali mno na litaunguza kitako. Kausha matunda kwa kitambaa: maji yaliyo juu ya embe au nanasi hayatatengeneza donge tena, kwa sababu fondyu ina maji mengi tayari, ila yatazuia chokoleti isishike. Ndizi mbivu isiyolegea sana hushika vizuri kuliko zote.

Ukichovya, angalia tabia ya chokoleti yenyewe. Ikisukumwa inakuwa nyepesi, ikitulia inakuwa nzito. Inapita kando ya kipande cha tunda kwa urahisi, kisha inabaki juu yake badala ya kudondoka yote. Adam Townsend na Helen Wilson, wanahisabati wa University College London, waliichunguza tabia hiyo katika chemchemi za chokoleti zinazowekwa kwenye harusi, na mwaka 2015 wakachapisha maelezo ya kwa nini pazia la chokoleti halianguki wima bali hujikunja kuelekea ndani. Sababu kubwa waliyoikuta ni mvutano wa uso wa kimiminika.

Kikibaki kitu, kifunike ukiweke kwenye friji. Kesho yake kitakuwa kimeshikamana kiasi cha kuchoteka kwa kijiko. Kivingirishe vidonge vidogo, uvipake unga wa kakao, uvile ndani ya siku mbili au tatu, maana krimu na tui havikai.