Mlango wa Ua

Ukitoka Sake na kupanda njia ya Masisi, utaona vilima vya majani mabichi, ng'ombe wanaolisha, na nyumba za mbao zenye mabati. Zamani, juu ya vilima kama hivi, mtu aliyetazama kwa mbali aliona duara la miti ya kijani, na katikati yake kichwa cha nyumba ya majani, kama kikapu kilichofunikwa. Duara hilo Wanyarwanda waliliita rugo. Wengi wao waliletwa Masisi na serikali ya Wabeligiji kati ya mwaka 1937 na 1955, wakawekwa kwanza Gishari. Walikuja na mbegu zao, na ufundi wao wa kujenga. Majirani zao Wahunde, wenyeji wa nchi hiyo, walizungushia nyumba zao migomba. Katika Kiswahili cha Kivu watu wengi husema lupango, maana yake kiwanja pamoja na ua wake.

Rugo si nyumba tu. Ni nyumba, ua, njia na miti. Tuuzunguke kwanza ua wenyewe.

Ua wa rugo ulikuwa hai. Mwenye kujenga alikata matawi ya miyenzi, akayachomeka ardhini karibu karibu, nayo yakaota. Mti huu hauna majani makubwa. Vijiti vyake ni vya kijani na vimejaa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu ukiingia jichoni huchoma vibaya sana, kwa hiyo ng'ombe na mbuzi hawaugusi. Basi mtu alipata ukuta usiooza, usioliwa na mifugo, tena usiogharimu kitu. Wengine walichanganya na mikuyu, kwa maana hata nguzo yake ikisimikwa mbichi hutoa mizizi na kuwa mti mkubwa wa kivuli.

Ua ulikuwa na mlango mmoja tu wa mbele, unaoitwa irembo. Mgeni hakuuvuka kimya kimya kama mwizi. Alisimama nje, akapiga hodi, akangoja. Akikaribishwa aliingia katika uwanja wa mbele. Hapo mzee wa nyumba alizungumza na watu, na pombe ya ndizi ililetwa hapo. Jioni ng'ombe walirudi na kulala katika uwanja huo, na watoto waliwasha moto wa samadi kavu na majani ili moshi ufukuze nzi. Ndama walikuwa na kibanda chao.

Nyuma ya nyumba palikuwa na uwanja wa pili, igikari. Huu ulikuwa wa mama. Hapo alitwanga, alianika mtama na maharagwe, alinong'ona na jirani yake. Hapo yalisimama maghala, yaani vikapu vikubwa vilivyoinuliwa juu ya mawe au vigingi na kufunikwa kwa paa dogo la majani, panya na unyevu visifike. Mgeni hakutazama maghala ya mwenyeji wake. Kama mwaka huo mavuno yalikuwa mabaya, hiyo ilikuwa siri ya nyumba, na ua uliitunza. Kabla ya Ukristo palikuwa pia na vijumba vidogo vya kuwaheshimu wazimu wa ukoo.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mviringo. Sehemu nyingi za Masisi zimepita mita 1,500 juu ya bahari, na nyingine zimepita 2,000. Usiku kuna baridi kali. Nyumba ya mviringo yenye mlango mdogo hushika joto la moto mmoja. Moshi haukuwa na bomba: ulipita polepole katika majani ya paa, ukayakausha na kuua wadudu. Macho yaliumia, ni kweli, na vifua pia. Asiyewahi kulala katika moshi huo asiusifu sana.

Sasa tuteremke upande wa magharibi, mpaka Walikale. Hapa hakuna kilima cha wazi wala ng'ombe wengi. Ni msitu, mvua na joto, na mto Lowa unapita. Wanyanga hawakuwa na sababu ya kuzungusha ua kila nyumba, kwa kuwa msitu wenyewe ulikizunguka kijiji chote. Walijenga kwa nguzo, fito na kamba za miti, wakaezeka kwa majani mapana ya mangongo, yakipandana kama magamba ya samaki. Mvua huteleza juu yake. Lakini majani hayo hayadumu, lazima yabadilishwe mara kwa mara. Katikati ya kijiji paliwekwa kibanda kisicho na kuta, ambapo wanaume walikutana kuamua mashauri, kutengeneza nyavu za kuwindia, na kumpokea mgeni. Siku hizi kibanda kama hicho huitwa barza. Neno hili limetembea mbali: huko Lamu na Unguja baraza ni benchi la mawe mbele ya nyumba, na kazi yake ni ileile, mgeni akae hapo kabla ya kuingia ndani.

Mtu anaweza kudhani desturi hii ni ya Kivu na pwani tu. Katika mji wa Kano, kaskazini ya Nijeria, Wahausa hujenga makao yanayoitwa gida. Nchi yao ni kavu na jua ni kali, kwa hiyo walichagua udongo. Walifinyanga matofali yenye umbo la pea, wakayakausha juani, wakayapanga na kuyapaka tope mpaka ukawa ukuta mnene ambao joto haliupenyi upesi. Paa lilibebwa na mbao za mti wa jamii ya mnazi, ambao mchwa hauwezi kwa urahisi. Ukuta huo hauna madirisha ya kutazama njiani. Mlango ni mmoja, na unaingia katika chumba kiitwacho zaure. Mgeni mwanamume huishia hapo. Mwenye nyumba humfuata hapo, na mara nyingine mwalimu wa Kurani husomesha hapo. Ndani zaidi kuna vyumba vya wake na watoto, maghala na kisima. Watoto peke yao hupita kila mahali bila kuulizwa, na kwa sababu hiyo hutumwa mchana kutwa. Katika rugo, mtu mwenye wake wawili kwa kawaida alijenga rugo mbili; Mhausa huwaweka wote ndani ya ukuta mmoja, kila mke na chumba chake.

Tangu vita vya mwaka 1993, watu wengi wa Masisi na Walikale wamekimbia makwao, wengine mara nyingi. Katika kambi, kibanda cha miti na turubai husimama hatua moja au mbili kutoka kibanda cha jirani. Hakuna irembo. Hakuna igikari. Binti hana mahali pa kuogea bila kuonekana, baba hana mahali pa kumkalisha mgeni, na sufuria tupu ya mama huonekana na kila apitaye.

Nyumba ya majani ikichomwa huisha kabla jua halijasogea. Lakini miyenzi iliyokatwa huchipuka tena, na mkuyu mkubwa haufi upesi. Mzee akirudi kilimani pake baada ya miaka, hata kama pamejaa magugu, hutafuta kwanza mkuyu wake. Kisha huhesabu hatua kutoka hapo, na kuwaonyesha wajukuu mahali mlango ulipokuwa.