Yasome Maneno ya Bima Kabla ya Moto

Ikiwa unayo hati ya bima ya nyumba, itoe sandukuni uisome leo.

Ada ndiyo fedha unayolipa, aghalabu kila mwaka, ili bima iwe hai. Mwaka ukipita salama hairudishwi. Wengine hunung'unika kwamba wameibiwa. Lakini je, mlinzi wa usiku tunamnyima mshahara kwa sababu mwizi hakuja?

Neno linaloumiza wengi ni thamani. Tuseme nyumba yako ni ya shilingi 40,000,000, nawe ili kupunguza ada umeiandikisha kwa 20,000,000. Moto waunguza jiko na chumba kimoja, hasara 8,000,000. Utasema, nane ni ndogo kuliko ishirini, nitalipwa zote. Sivyo! Hati nyingi zina sharti la uwiano: umekata bima kwa nusu ya thamani, basi utalipwa nusu ya hasara, yaani 4,000,000. Mara nyingi hapo hukatwa pia kile kiasi cha kwanza cha hasara ambacho hati yasema utakibeba mwenyewe. Na thamani inayotakiwa kwa kawaida ni gharama ya kuijenga nyumba upya sasa, si ya mwaka ulipoijenga. Kiwanja usikihesabu, maana hakiungui. Wala usizidishe thamani ukitumaini faida. Bima hulipa hasara tu.

Fidia ya mfanyakazi ni jambo jingine. Hapa Tanzania sheria yake ni ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kupokea michango mwaka 2015. Mchango hutoka kwa mwajiri peke yake. Mshahara wako usiguswe kwa ajili hiyo. Nawe huna haja ya kuthibitisha kwamba mwajiri ndiye mwenye kosa. Linaloulizwa ni kama uliumia kazini, au ugonjwa wako umetokana na kazi.

Nimemsikia fundi mmoja aliyevunjika mkono akikataa fomu kwa kuwa hakutaka kuitwa kilema. Kumbe "ulemavu wa muda" katika karatasi hizo ni zile siku tu ambazo mtu hawezi kufanya kazi yake, hata kama atapona kabisa. Basi ukiumia, mwarifu mwajiri mara moja, tena dai lifikishwe kabla ya miezi 12 kupita tangu siku ya ajali.