Nyasi za Pori Ndani ya Lupango

Lubumbashi hupata takriban milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na karibu zote hushuka kati ya Novemba na Machi. Kuanzia Mei hadi Septemba mbingu imefunga. Mwenye lupango aliyepanda peluzi ana njia mbili tu katika miezi hiyo: ashike mpira wa maji kila jioni, au aiangalie ikigeuka kahawia, kisha ardhi nyekundu ianze kuchungulia katikati. Ukitoka mjini kidogo, kwa barabara ya Kipushi au ya Likasi, nyasi ndefu za miombo zimesimama zenyewe. Hakuna aliyezinywesha hata ndoo moja, na mvua zikirudi zitachipua kabla ya bustani nyingi za mjini. Naamini nyasi hizo zinastahili kuingizwa ndani ya ua kama mapambo, zikipandwa kwa kuchaguliwa na kupangwa, na kwamba mji huu una sababu zaidi za kufanya hivyo kuliko miji mingi.

Siri ya uvumilivu wake iko chini. Nyasi hizi huota kwa mafungu, na vichipukizi vyake hukaa usawa wa udongo, vimefunikwa na mabaki ya majani ya zamani yanayovikinga na jua. Mizizi yake ni mingi na hushuka kufuata unyevu. Tena nyingi kati yake zina namna ya kuilimbikiza hewa ya kaboni ndani ya jani, kwa hiyo vitundu vya jani havilazimiki kubaki wazi sana, na maji yanayopotea ni machache. Kiangazi kikizidi, sehemu ya juu hukauka ikaachwa, na uhai ukabaki kwenye shina la chini. Haki itendeke hapa: peluzi nyingi nazo ni nyasi za nchi za joto zenye uwezo huohuo. Kinachoziponza ni wembe. Nyasi inayokatwa fupi kila wiki hukosa majani ya kulisha mizizi, mizizi hubaki juujuu, na udongo wa juu ndio unaokauka kwanza.

Kuhusu uzuri, wengi watashangaa, kwa sababu tumezoea kuzijua nyasi kwa kazi: za kuezekea, za kufungia fagio. Themeda triandra hutoa masuke yanayoning'inia, yenye rangi ya kutu, na fungu lake halizidi kimo cha kiuno mara nyingi. Melinis repens, ambayo huota yenyewe kando ya barabara, huwa na masuke ya waridi mepesi kama moshi, yakizeeka yanakuwa ya fedha. Haiishi miaka mingi, lakini hujipanda upya kwa mbegu. Hyparrhenia hupita kimo cha mtu, kwa hiyo mahali pake ni kwenye ukuta wa nyuma, si chini ya dirisha. Mholanzi Piet Oudolf, aliyechagua mimea ya bustani ya High Line mjini New York, amejenga jina lake kwa kuonyesha kwamba nyasi zilizokauka zina umbo na mwanga wake, na huziacha zisimame majira yote ya baridi. Kiangazi chetu chaweza kutazamwa kwa jicho hilohilo: jua la saa kumi na moja jioni likipenya masuke makavu ya Julai ni pambo ambalo peluzi haiwezi kulitoa.

Ila kwangu sababu nzito zaidi ni udongo. Kiwanda cha kuyeyushia shaba kilianza kazi hapa 1911, na moshi wake, ukisukumwa na upepo kuelekea kaskazini-magharibi, uliacha ardhi tupu upande wa Penga Penga. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walipanda nyasi tatu za hapa kwenye udongo waliouwekea miligramu 2,500 za shaba kwa kila kilo, wakazifuatilia miaka miwili. Matokeo yaliyochapishwa 2010 yalionyesha kwamba nyasi fupi iitwayo Rendlia altera ndiyo iliyonusurika zaidi pasipo kuongezewa kitu, ilhali Cynodon dactylon, ambayo wengi huitegemea kufunika ua, ilihitaji chokaa ili iishi. Chokaa pia ilipunguza shaba ndani ya majani kuliko mboji. Nyasi hizi hazisafishi udongo, na asiwepo wa kudanganywa hivyo, bali zinaushika usipeperuke. Na kuushika si jambo dogo, maana utafiti uliotolewa 2009 ulikuta kobalti na metali nyingine kwa wingi katika mkojo wa wakazi wa Katanga, hasa watoto, na mtoto hucheza chini, vidole vikienda mdomoni. Ua unaofagiwa kila asubuhi hadi ung'ae unapendeza, lakini kila fagio linainua vumbi hilo.

Atakayepinga ataanza na nyoka, na ana haki. Wazee walifyeka kuzunguka nyumba kwa akili, na Salongo, kazi ya pamoja ya usafi, ikaigeuza kazi hiyo kuwa wajibu wa raia. Lakini nyoka hufuata panya na mahali pa kujificha: rundo la kuni, matofali yaliyoachwa, kichaka kilichosongamana. Mafungu yaliyoachana hatua moja, udongo wa kati yake ukionekana, ni kitu kingine. Karibu na mlango ziwekwe zile fupi. Pingamizi la moto ni gumu zaidi, nami silipunguzi. Nyasi kavu ya Agosti ni kuni, na nyumba nyingi hupikia nje kwa mbabula. Upande wa jiko basi zikatwe Juni, mara mbegu zinapodondoka, zibaki kimo cha kiganja. Zilizo mbali na moto zingoje hadi mwisho wa Septemba, zikatwe kwa mundu wala zisichomwe, na masalio yatandazwe chini ya mwembe. Kwenye udongo unaoshukiwa shaba yasipewe sungura wala mbuzi.

Kupanda kuanze Novemba au Desemba, ardhi ikishalowa vizuri. Fungu la zamani huchimbwa na kupasuliwa kwa jembe vipande vitatu au vinne vyenye mizizi, majani yakapunguzwa nusu, na kila kipande kikafukiwa siku hiyohiyo. Mafungu yatoke kando ya shamba au kiwanja kinachokaribia kujengwa. Vilima vya shaba viachwe, kwa sababu huko kuna mimea isiyoota mahali pengine popote duniani, na anayechimba haraka hatambui ameng'oa ipi.