Weupe Juu ya Chokoleti

Msomaji mmoja wa Dar es Salaam ameuliza: chokoleti aliyoinunua dukani, tarehe yake ikiwa bado mbali, aliifungua akaikuta imeota weupe, na alipoivunja ikamong'onyoka. Je, imeoza? Haijaoza, wala si ukungu. Inalika. Kilichoharibika ni mpangilio wa mafuta yake, na kwangu hilo ndilo jambo tamu kuliko yote katika sayansi ya chokoleti.

Siagi ya kakao, yaani mafuta yanayokamuliwa kwenye mbegu, kwa sehemu kubwa ni aina tatu tu za molekuli zinazofanana sana. Siagi ya ng'ombe ni mchanganyiko wa mengi, ndiyo maana hulainika kidogo kidogo. Ya kakao hukaa ngumu, kisha huyeyuka karibu yote kwa pamoja. Kwa joto gani? Inategemea molekuli zimejipangaje. Mwaka 1966 watafiti Wille na Lutton walieleza mipangilio sita ya fuwele zake. Wa kwanza huyeyuka kwenye nyuzi 17 hivi za Selsiasi, wa tano karibu 34, wa sita 36. Tunautaka wa tano: hukatika kwa mlio, hung'aa, na huyeyuka mdomoni.

Kila molekuli ina mikono mitatu, na ikitulia huchukua umbo la kiti. Basi fikiria viti vya plastiki baada ya harusi. Lori linasubiri, vijana wana haraka, viti vinarundikwa ovyo, vingine miguu juu, vingine ubavu. Rundo linasimama, lakini limejaa nafasi tupu, ukiligusa linaporomoka. Huo ndio mpangilio wa kwanza, unaopatikana chokoleti ikipozwa kwa pupa. Akija mtu mtulivu akaviingiza kimoja ndani ya kingine, mnara unabana, na kuuangusha kunataka nguvu. Nguvu hiyo ndiyo zile nyuzi 34. Tena minara michache iliyonyooka ikishasimama, hata mwenye haraka anaona pa kuchomeka kiti chake.

Fundi wa chokoleti nyeusi hufanya kazi hiyo kwa joto. Huipasha mpaka nyuzi 45, kila rundo livunjike. Huipoza akiikoroga mpaka 27 au 28. Inainuka minara mizuri na mibovu. Kisha huipasha tena, mpaka 31 au 32 tu, mibovu iporomoke, na viti vilivyotawanyika vijipange kwa kuifuata mizuri iliyobaki. Kuiita kazi hii kupoza hakutoshi, maana kuna kupasha mara mbili. Naiita kutuliza, mpaka apatikane mwenye neno bora.

Weka kipande ulimini bila kutafuna. Kwanza kingo zinalainika, halafu unasikia ubaridi mdogo: mafuta yanapoyeyuka hunyonya joto la ulimi. Ndipo harufu ya kakao inapopanda puani.

Jua la Januari linapopiga kibanda cha muuzaji, kazi yote ya fundi inavunjika. Mafuta yaliyoyeyuka hupanda juu, usiku hupoa bila mtu wa kuyatuliza, na fuwele kubwa zinazoota hapo hutawanya mwanga. Huo ndio weupe wa msomaji wetu. Friji inafaa ikiwa chokoleti imefungwa vizuri. Ikiwa wazi, unyevu huyeyusha sukari na kuleta weupe wa pili.

Kwa wanaouliza faida za mwilini: kakao ina flavanoli, zinazosaidia mishipa ya damu kutanuka, na nyeusi inazo nyingi kuliko ya maziwa.

Ninaloliogopa ni bei. Desemba 2024 tani moja ya kakao ilipita dola 12,000, baada ya magonjwa na hali mbaya ya hewa kuzipiga Côte d'Ivoire na Ghana, zinazotoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Siagi ya kakao ikiwa ghali, mtengenezaji huvutiwa na mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, yasiyohitaji kutulizwa. Mlaji anapoteza utamu wote nilioueleza. Mkulima naye hakuipata bei ile, kwa sababu huko serikali hupanga bei ya shambani mapema. Wala si bei tu: mwaka 2001 makampuni makubwa ya chokoleti yaliahidi kukomesha ajira mbaya kabisa za watoto kwenye kakao ifikapo 2005. Ripoti ya 2020 ya NORC, taasisi ya utafiti ya Chuo Kikuu cha Chicago, ilikadiria watoto milioni 1.56 walikuwa bado katika ajira ya watoto kwenye kakao ya nchi hizo mbili. Hilo haliwezi kusamehewa kwa sababu kitu ni kitamu.

Hapa kwetu kakao nyingi hutoka Kyela, na nyingine bonde la Kilombero, ambako Kokoa Kamili hununua kakao mbichi kwa wakulima wadogo na kuivundika yenyewe. Dandelion ya San Francisco huandika jina la Kokoa Kamili kwenye karatasi ya chokoleti yake, na viungo ni viwili tu: kakao na sukari. Karatasi ya namna hiyo ndiyo ninayoitafuta dukani, na nikiipata, nalipa bei yake bila kunung'unika.