UDALALI WA KWENYE INTANETI: AINA ZA TOVUTI NA AMANA YA DALALI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema inamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema. Ama baada ya hayo.



Yako maswali mawili ambayo tumekuwa tukiulizwa mara kwa mara na wanafunzi wa madarasa ya juu. La kwanza: mtu akiisifu bidhaa ya mwenziwe katika tovuti yake, kisha akalipwa kila inaponunuliwa, pato hilo lina ubaya? La pili: nimesoma kwenye intaneti kuwa simu fulani ndiyo bora kuliko zote, je, nimwamini aliyeandika? Maswali haya yanaonekana mbali mbali, lakini mlango wake ni mmoja. Anayeuliza la kwanza anataka kuwa dalali. Anayeuliza la pili amekutana na dalali bila ya kujua. Kwa hiyo tumeona tueleze kazi hii inavyokwenda, na aina za tovuti zinazotumika, ili kila mmoja ajue anasimama wapi.

KAZI YENYEWE IKOJE?

Dalali sote tunamjua. Yuko dalali wa nyumba, wa viwanja, wa magari, na yuko anayenadi samaki pwani. Mali si yake, na mnunuzi si mtu wake. Yeye huwakutanisha wawili, biashara ikitimia hupata kamisheni yake.

Kwenye intaneti ni hivyo hivyo. Mwenye duka humpa dalali kiungo maalumu chenye namba yake. Dalali hukiweka kiungo hicho ndani ya makala yake. Msomaji akikibonyeza hupelekwa dukani, na hapo hapo alama ndogo iitwayo kuki huwekwa katika kompyuta au simu yake, ili duka lijue nani aliyemleta. Akinunua ndani ya muda uliowekwa, dalali huandikiwa fungu lake. Muda huo unatofautiana. Katika mpango wa Amazon kawaida ni saa 24 tu, na ziko kampuni zinazotoa siku 30 au zaidi. Mnunuzi kwa kawaida haongezewi bei. Kamisheni hutoka katika faida ya muuzaji.

Kazi hii si ngeni. Mwaka 1994 duka la muziki la CDNow huko Marekani lilianza kuwalipa wenye tovuti waliolipelekea wateja. Mwaka 1996 Amazon, iliyokuwa ikiuza vitabu tu wakati huo, ilifungua mpango wake kwa watu wote, na tangu hapo kazi ikaenea dunia nzima.

AINA ZA TOVUTI

Tovuti za madalali ni nyingi, lakini ukizitazama vizuri utaona zinatofautiana kwa jambo moja: zinamkuta mnunuzi katika hatua gani ya safari yake. Nyingine zinamkuta akiwa bado anajifunza, nyingine akiwa anachagua, na nyingine akiwa mkono umeshaingia mfukoni. Na kila hatua ina mtihani wake.

1. Tovuti za mada moja. Mwandishi huchagua jambo analolijua, kama vile upishi, ushoni, ufugaji wa kuku au upigaji picha, akawa anaandika mafunzo. Anapoeleza namna ya kuoka mkate hutaja tanuri analotumia na kuweka kiungo. Msomaji hakuja kununua, alikuja kujifunza. Aina hii huchukua muda mrefu kuleta pato, lakini ndiyo iliyo karibu zaidi na kazi ya mwalimu. Mtihani wake ni kuwa elimu inaweza kugeuka chambo. Mwandishi akaanza kufundisha yale tu yanayouzika, na yenye manufaa yasiyokuwa na kamisheni akayanyamazia.

2. Tovuti za uhakiki wa bidhaa. Hapa mnunuzi ameshaamua kununua, ila hajui achukue ipi. Mhakiki hujaribu bidhaa, akataja uzuri na upungufu wa kila moja, kisha akapendekeza. Mfano unaojulikana ni Wirecutter, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2011 na Brian Lam. Watu wake hujaribu vitu wenyewe kabla ya kuandika, na kwa sifa hiyo gazeti la New York Times liliinunua mwaka 2016 kwa takriban dola milioni 30.

Lakini hapa ndipo penye uongo mwingi zaidi. Wako wanaohakiki simu ambayo hawajapata kuishika, wakakopoa maelezo ya kiwanda na kuyatilia nyota tano. Mwaka 2011 kampuni moja ya Marekani iliyouza masomo ya gitaa, Legacy Learning Systems, ilikubali kulipa dola 250,000 baada ya serikali kuishitaki kuwa madalali wake walijifanya wateja wa kawaida, au wahakiki wasiokuwa na upande, hali ya kuwa wanalipwa. Tazameni kuwa aliyelipa ni mwenye mali, kwa uongo wa madalali wake. Na kuanzia Oktoba 2024 nchi hiyo ina kanuni inayopiga marufuku uhakiki wa kubuni.

3. Tovuti za kulinganisha bei. Hizi hukusanya bei za maduka mengi, nauli za ndege au vyumba vya hoteli, zikaziweka katika jedwali moja. Faida yake ni kubwa, kwani mtu huona kwa dakika moja ambacho angekizungukia siku nzima. Mtihani wake umo katika mpangilio: nani anawekwa juu? Mnunuzi hudhani wa juu ndiye mwenye bei nafuu, kumbe huenda ndiye anayemlipa dalali zaidi.

Hili limethibiti mahakamani. Tovuti ya Trivago, inayolinganisha bei za hoteli na kulipwa kwa kila anayebonyeza, ilishitakiwa Australia. Mwaka 2020 mahakama iliona kuwa iliwapotosha wateja, kwa kuwa malipo kutoka kwa wauzaji yalichangia sana kuamua nani atokeze juu, ilhali matangazo yake yaliwafanya watu waamini kuwa wanaoneshwa bei nafuu. Mwaka 2022 ikatozwa faini ya dola za Australia milioni 44.7.  Sehemu kubwa ya udanganyifu ilikuwa katika mpangilio.

Upande wa pili tuna mfano mwema. MoneySavingExpert ya Uingereza ilianzishwa mwaka 2003 na mwandishi Martin Lewis ili kuwafundisha watu kubana matumizi. Tovuti hii huweka alama ya nyota ndogo mbele ya kila kiungo kinachoilipa, na huweka pia kiungo cha pili kisichoilipa kitu kwa asiyetaka. Mtu angesema kuwa kujianika namna hiyo kutamkosesha riziki. Mwaka 2012 tovuti hiyo ilinunuliwa kwa makubaliano ya hadi pauni milioni 87. Ukweli haukumfukarisha.

4. Tovuti za kuponi. Mnunuzi yuko mlangoni pa duka, anatafuta namba ya siri ya kupunguziwa bei. RetailMeNot, iliyoanza Australia mwaka 2006, ni miongoni mwa zilizojulikana sana. Mtihani wake ni kuweka kuponi zilizokwisha muda, au zisizokuwapo kabisa, ili mtu abonyeze tu na dalali aandikiwe kamisheni ya biashara ambayo hakuileta.

5. Tovuti za kurudisha sehemu ya fedha. Hapa dalali humgawia mnunuzi kamisheni yake. Ebates ilianza hivyo Marekani mwaka 1998, na mwaka 2014 ikanunuliwa na Rakuten ya Japani kwa dola bilioni moja hivi. Jambo la kuchunga ni kuwa mtu asije akanunua asichokihitaji kwa kufurahia kurudishiwa kidogo. Anayetumia shilingi elfu kumi ili arudishiwe mia tano ametumia elfu tisa na mia tano.

6. Tovuti za ukurasa mmoja. Ni ukurasa mrefu unaosifu kitu kimoja tu, mara nyingi dawa, kozi au njia ya kupata fedha. Una saa inayohesabu dakika zilizobaki, una picha za watu waliofanikiwa, na mwisho una kitufe cha kununua. Si kila ukurasa wa namna hii ni wa uongo, lakini tunakunasihini mkiuona mshike mikoba yenu. Haraka hiyo imewekwa kwa makusudi, ili mtu asipate nafasi ya kuuliza.

TUPIGE HESABU

Wengi wameambiwa kuwa mtu hulala na kuamka akute fedha. Tuchukue mfano. Kitabu kinauzwa dola 20 na kamisheni ni asilimia 5, basi fungu la dalali ni dola moja. Tuseme makala imesomwa na watu 1,000, wakabonyeza 50, wakanunua 2. Pato ni dola 2. Hapo bado hujatoa gharama ya tovuti, umeme na bando. Anayefanikiwa ni yule aliyeandika kwa miaka, mambo yenye kuwafaa watu, mpaka wakamzoea na kumwamini. Na mwenye mali akipunguza viwango, dalali hana la kusema. Amazon ilifanya hivyo Aprili 2020, na pato la wengi likashuka kwa siku moja.

Tena jueni tofauti hii: dalali wa kweli hulipwa kwa bidhaa iliyouzwa. Ukiambiwa utoe kiingilio kwanza, na kwamba utalipwa kwa kuwaingiza wenzako wanaotoa viingilio vyao, huo si udalali. Hapo hapana bidhaa. Fedha za wa mwisho ndizo zinazowalipa wa mwanzo, na wa mwisho hao huwa ni jamaa na marafiki zako.

AMANA YA DALALI

Wanaosoma fiqhi wanajua kuwa asili ya udalali ni kuruhusiwa. Imam Bukhari katika Sahihi yake ameweka mlango wa ujira wa dalali, akataja kuwa Ibn Sirin, Ataa, Ibrahim na al-Hasan hawakuona ubaya ndani yake. Na wanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wanapoeleza juala, yaani malipo anayoahidiwa mtu kwa kutimiza kazi, hutolea mfano kisa cha Nabii Yusuf (A.S.), pale alipoahidiwa shehena ya ngamia atakayelileta kopo la mfalme. Masharti ya ujira kujulikana, na hukumu ya kila mpango peke yake, ni ya kumuuliza mwalimu wako wa fiqhi. Sisi hapa hatutoi fatwa. Lakini yako mambo ambayo hata mwanafunzi wa darasa la mwanzo anayajua.

Kwanza, mali yenyewe iwe halali. Kamari na mikopo ya riba ni miongoni mwa zinazotoa kamisheni nono kwenye intaneti, na anayemwelekeza mwenziwe kwenye haramu hawezi kusema kuwa yeye ameonesha njia tu.

Pili, upungufu usifichwe. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni, akatia mkono wake katika rundo la chakula, vidole vikakuta umajimaji chini yake. Mwenyewe akasema kimenyeshewa na mvua. Mtume akamkanya kwa kutokiweka kilichorowa juu ili watu wakione. Mhakiki anayejua kuwa betri ya simu haidumu, akaandika uzuri wa kamera tu, ameweka kikavu juu.

Tatu, usisifu kwa uongo. Sheria imekataza najshi, nayo ni mtu kupandisha bei mnadani bila ya nia ya kununua, ili wengine wahadaike. Anayejifanya mteja aliyeridhika, naye hajanunua, anafanya jambo lililo ndugu na hilo.

Nne, sema kuwa unalipwa. Sentensi moja juu ya makala inatosha. Anayejua kuwa huyu ni dalali humsikiliza kama dalali.

Tano, usichukue kamisheni ya biashara ambayo hukuileta. Madalali wawili wakubwa wa eBay walipandikiza kuki kwa siri katika kompyuta za watu wasiobonyeza chochote, wakalipwa mamilioni ya dola. Mwaka 2014 wote wawili walihukumiwa kifungo nchini Marekani. Hapana mnunuzi aliyeona wala kulalamika, lakini hesabu ilisomwa mwishowe. Na iko hesabu nyingine ambayo haihitaji mlalamikaji.

Basi kwa muulizaji wa kwanza tunasema: kazi hii ni kazi kama nyingine, yataka subira na ukweli, na mwenye kuitaka aanze na jambo analolijua. Kwa wa pili tunasema: kabla hujaamini, uliza maswali matatu. Je, aliyeandika amekishika kitu chenyewe? Ametaja hata aibu moja? Amesema kuwa analipwa? Asiyejibu hata moja kati ya hayo, fungeni ukurasa wake, mkamuulize jirani anayekitumia.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali na atubarikie ndani yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.