Upepo wa mapine na usukani: jambo la kuuliza kabla motokari haijatoka depo

Msimu wa mvua ukianza, munajua namna inavyokuwa. Viazi na maharagi viko tayari, motokari imefika depo, shofere anazunguka mara moja, anapiga pine kwa mguu, anasema: "Ongezeni upepo, mzigo ni mingi." Mapine yanajazwa mpaka yanakuwa magumu kama jiwe. Watu wanapanda juu ya magunia, safari inaanza.

Nusu ya desturi ile ni kweli: mzigo mzito unaomba upepo zaidi. Nusu ingine ndiyo inapeleka motokari kwenye mtaro. Pine ngumu kupita kiasi haimtii shofere, na pine laini kupita kiasi haimtii pia. Ninyi ndio wenye mzigo, na mara nyingi munaketi juu yake. Kwa hiyo muna haki ya kujua sababu, na kuuliza.

Upepo wa pine unapimwa kwa bari. Mashofere wengi wanaita "kilo", na hawakosei sana, maana bari 1 ni karibu nguvu ya kilo 1 kwa kila sentimeta moja ya mraba. Basi, kama pine moja inabeba kilo 600 na ndani kuna bari 3, inapashwa kukanyaga udongo kwa karibu sentimeta za mraba 200, yaani kama ukubwa wa mkono wa mtu mzima uliofunguliwa, au zaidi kidogo. Ukishusha mpaka bari 2, sehemu ile inakuwa karibu 300. Hesabu si kamili, kwa kuwa ubavu wa pine nao unabeba kidogo, lakini inatosha kuonyesha jambo: motokari nzima, pamoja na magunia na watu, inashika ardhi kwa mikono minne tu. Na usukani unageuza miwili ya mbele peke yake. Ikiwa imeshika, motokari inafuata. Ikiwa haikushika, motokari inaendelea moja kwa moja hata shofere azungushe namna gani.

Sasa chukua pine iliyojazwa sana, uipitishe kwenye barabara ya mawe. Haibonyei juu ya jiwe, inaruka. Kila ikiruka, kwa kitambo kidogo haigusi kitu, na kwa kitambo hicho hakuna usukani na hakuna freni. Ongeza hapo mzigo uliopangwa vibaya: magunia yakipita nyuma ya ekseli ya nyuma, yanakandamiza mkia na kunyanyua pua. Shofere atasema usukani umekuwa mwepesi, na kuko wanaofurahia wepesi ule. Kwa motokari iliyojaa ni dalili mbaya, pua haina uzito wa kushika njia. Kwenye mteremko wenye kona kali, kama ule wa Ngomo kati ya Nyangezi na Kamanyola, hiyo inatosha kumaliza safari.

Pine laini inakosea kwa namna yake. Ubavu unapinda, kwa hiyo shofere akigeuza usukani, janti inageuka kwanza, na mpira unafuata nyuma, kama ng'ombe anayevutwa kwa kamba ndefu. Usukani unakuwa mzito mikononi na motokari inajibu kwa kuchelewa. Katika matope, kwa mwendo wa mtu anayetembea, hilo si tatizo. Kwa mwendo wa 60 ni hatari: motokari inayumba, shofere anarekebisha, kurekebisha kwenyewe kunachelewa, na yumbo la pili linakuwa kubwa kuliko la kwanza. Tena kuna moto. Kwa mwendo wa 40 tu, pine inazunguka zaidi ya mara 10,000 kwa saa moja, na kila mzunguko ubavu unapinda na kunyooka. Mpira unachemka ndani, hata kama kwa nje unaonekana mzima, mpaka unapasuka. Mapine yetu mengi yana shambreri ndani: upepo ukipungua sana, mpira unateleza juu ya janti, shambreri inavutwa, na valvu inakatika.

Mambo yanakuwa mabaya zaidi kama mapine hayalingani. Pine ya mbele upande wa kushoto ikiwa laini kuliko ya kulia, motokari inavuta kushoto, na inavuta zaidi shofere akikanyaga freni. Ya mbele zote mbili zikiwa laini kuliko za nyuma, motokari inakataa kona. Za nyuma zikiwa laini, mkia ndio unatoka kwanza, na mkia wenye tani moja ya mihogo haurudishwi kirahisi. Kwenye kamio yenye mapine mawili mawili nyuma, ile iliyopungua upepo inaachia mwenzake kazi yote. Kupiga kwa nyundo na kusikiliza sauti kunakuambia kama pine imeisha kabisa. Hakukuambii kama moja iko na bari 5 na mwenzake 7.

Je, kwenye potopoto inafaa kupunguza? Ndiyo, mara nyingi. Sehemu ya kukanyaga inakuwa ndefu, uzito unasambaa, pine haizami haraka. Ujuzi huu ni wa zamani: mwaka 1942 Wamarekani walitengeneza DUKW, kamio inayoogelea, na shofere wake aliweza kubadilisha upepo wa mapine akiwa ameketi ndani, ili atoke majini na kuvuka mchanga. Sisi hatuna mashini ile, kwa hiyo shofere anapashwa kushuka. Kwa pikapu isiyo na mzigo mkubwa, kupunguza karibu robo ya upepo kunaleta tofauti unayoisikia mara moja. Lakini motokari iliyojaa si ya kuchezea hivyo: pakueni kwanza nusu ya magunia, mubebe kwa kichwa mpaka ng'ambo ya shimo, ndipo mupunguze upepo. Hakuna anayependa kazi hiyo wakati wa mvua, tunajua. Na ikiwa potopoto ni nyembamba na chini yake kuna ardhi ngumu, usipunguze kitu. Acha pine ikate mpaka chini ishike.

Upepo ukishapunguzwa, mwendo usipite 20 au 30 kwa saa, na kona zichukuliwe polepole. Ukifika barabara nzuri, upepo unarudishwa palepale. Hapa ndipo wengi wanaanguka. Hawana pompi, gereji iko mbali, jua linazama, shofere anasema "tutajaza kule mbele". Kwa hiyo kanuni yetu ni rahisi: asiye na pompi ndani ya motokari asipunguze upepo. Ndogo ya kuunga kwenye batri ya volti 12 inatosha kwa pikapu, hata ya mguu inafaa kama vijana wako na nguvu.

Kuna faida ingine inayowahusu ninyi mnaofanya salongo. Mapine magumu yenye mzigo yanachimba mifereji, maji ya mvua yanafuata mifereji ile, na barabara ya mashamba muliyoipanga kwa jembe wiki iliyopita inakuwa mto. Huko Marekani, idara ya misitu ilijaribu kupunguza upepo wa makamio ya magogo kwenye barabara za udongo, na ikaona mifereji inapungua. Ndiyo maana baryeri ya mvua isichukuliwe kama usumbufu tu. Kusubiri udongo ukauke kidogo kunafanya kazi ileile.

Koperative iwe na kipimo chake cha upepo, kisichokaa kwa shofere bali kwa mlinzi wa depo. Kupima kufanywe asubuhi, mapine yakiwa baridi, kabla motokari haijatembea. Namba sahihi ya motokari imeandikwa kwenye kibandiko karibu na mlango wa shofere, kwa mzigo na bila mzigo. Kama kibandiko kimefutika, muulize fundi anayejua aina ile, muandike namba kwa rangi mahali pasipofutika. Baada ya saa moja ya njia pimeni tena. Pine ya pikapu ikipanda kwa karibu bari 0.3 ni kawaida. Ikipanda zaidi sana, maana yake upepo wa asubuhi ulikuwa mdogo, au mzigo umezidi, au shofere anakimbia. Usitoe upepo ule uliopanda kwa moto, maana pine ikipoa itakuwa laini. Punguza mzigo au mwendo.

Na kwa makamio yenye janti ya pete, wakati wa kujaza hakuna mtu anayesimama mbele ya pete ile, wala mtoto wa kuangalia. Ikitoka inaua.