Jarida na Majalla: Magazeti ya Misri na Ujenzi wa Istilahi

Kila mwaka wanafunzi wetu huuliza swali lile lile darasani: istilahi hutungwa na nani? Jibu wanalolitarajia ni "baraza la lugha". Katika makala haya tunapenda kuonyesha kwamba historia ya majarida ya Misri inatoa jibu jingine. Tuanze na neno lenyewe.

Jarida tumelipata kutoka Kiarabu, ambako maana yake ya asili ni upongoo wa mtende ulioondolewa majani. Waarabu wa leo wanalitumia kwa maana ya gazeti. Kile tunachokiita sisi jarida wao hukiita majalla. Jina hili, ambalo zamani lilihusu maandiko ya hekima, lilipendekezwa na Ibrahim al-Yaziji huko Beirut mwaka 1884. Wakati huo hakuwa na baraza lolote nyuma yake. Alikuwa mhariri tu.

Misri yenyewe ilikuwa na Rawdat al-Madaris tangu mwaka 1870, chini ya Rifa'a al-Tahtawi. Hilo lilikuwa jarida la serikali, lililolenga shule. Mambo yalibadilika walipoingia wahamiaji kutoka Shamu. Ya'qub Sarruf na Faris Nimr walianzisha al-Muqtataf Beirut mwaka 1876, na katikati ya miaka ya 1880 wakalihamishia Kairo baada ya mgogoro katika chuo walichofundisha, ambako mhadhara uliomtaja Darwin ulikuwa umezusha kishindo. Jarida lao liliandika juu ya sayansi, kilimo na viwanda kwa Kiarabu. Kwa hiyo karibu kila toleo liliwalazimu kutafuta maneno.

Hapa ndipo penye jambo la kutufaa walimu. Al-Muqtataf lilikuwa na safu ya maswali ya wasomaji na majibu ya wahariri. Msomaji akiuliza kuhusu ugonjwa wa mimea au kifaa kipya, mhariri hakuweza kukwepa: ilimbidi akipe kitu hicho jina, na jina likisha kuchapwa wengine walilikubali au walilipinga. Ikumbukwe kwamba mwishoni mwa karne ya 19 waliojua kusoma Misri hawakufika mmoja kati ya watu kumi. Mjadala ulikuwa wa wachache, lakini ulikuwa mkali.

Mwaka 1892 Jurji Zaydan alianzisha al-Hilal mjini Kairo. Humo alitoa riwaya zake za kihistoria sehemu kwa sehemu, kwa lugha nyepesi ambayo baadhi ya wasomi waliiona haina uzito. (Sisi tungependa wanafunzi wetu wote waandike "bila uzito" namna hiyo!) Mwaka huo huo Hind Nawfal alitoa al-Fatat huko Alexandria, jarida la kwanza la wanawake katika Kiarabu, na Abdallah al-Nadim akatoa al-Ustadh, ambamo Kiarabu fasaha kilikaa pamoja na lahaja ya mitaani. Al-Yaziji naye, baada ya kuhamia Kairo, alitoa al-Diya' kuanzia mwaka 1898 na humo akayakosoa makosa ya lugha ya magazeti.

Chuo cha Lugha ya Kiarabu cha Kairo kilianzishwa mwaka 1932. Hesabu ni rahisi: al-Muqtataf lilikuwa limekwisha kuchapwa kwa zaidi ya nusu karne.

Majarida hayo hayakuishia Misri. Al-Manar la Rashid Rida, lililoanza Kairo mwaka 1898, lilisomwa hadi pwani yetu ya Afrika Mashariki. Miongoni mwa wasomaji wake alikuwa Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, ambaye mwaka 1930 alianza kuchapisha Sahifa kwa Kiswahili, na mwaka 1932 akaanzisha Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu. Majina yote mawili ni ya Kiarabu. Lakini sahifa, ambalo Waarabu hulitumia pia kwa gazeti, kwetu limebaki kuwa ukurasa mmoja tu.